Hukucheka Peke Yako

Wifi yangu, mama Atupele,

Ugonile, nakusalimu kwa salamu yetu ya nyumbani. Sijui uko wapi, ndiyo maana barua hii naiacha wazi, atakayeisoma akufikishie. Mtu mmoja aliniambia alikuona Mbalizi, mwingine akasema Chunya. Mimi bado niko Kyimo, kwenye nyumba ile ile ya mama uliyotoka asubuhi na kifurushi kimoja.

Nataka tukumbuke siku ya mvua pale Makandana. Kaka yangu, mume wako, alikuwa na siku kumi na mbili kaburini. Tangu tumzike hukuwa umelia. Ulikaa tu kwenye mkeka kama mtu aliyesahau alichotumwa. Atupele, wakati huo ana miaka minne, alikuwa anakohoa, mama akaniambia nikusindikize hospitali, pale Makandana. Tulipotoka na dawa mvua ikatushika, ile mvua yetu isiyo na haraka ya kuisha. Tukajibanza kwenye baraza la duka. Mama mwenye duka akakuona umembeba mtoto kwenye kanga iliyolowa, akasema, "Ingieni ndani jamani, mtoto ataumwa zaidi."

Ndani kulikuwa na video. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, deki na televisheni zimeanza kupanda milima hadi kwetu, na watoto wa mtaa walijaa sakafuni wakitazama katuni. Hatukujua Kiingereza chake, wala hatukukihitaji. Baba dubu, mnene, alikuwa anampokea mgeni wa heshima, korongo aliyevaa joho kama mchungaji. Mkanda wa kiunoni mwa dubu ukakatika. Dubu akashika suruali kwa mkono wa kushoto, akasalimia kwa wa kulia kwa adabu zote. Kisha korongo akamnyooshea keki kubwa, na zawadi ya ukubwa ule haipokelewi kwa mkono mmoja. Dubu akaitazama keki, akaitazama suruali, akamtazama mkewe.

Mimi ndiye niliyeanza kucheka. Nataka hilo lisomeke vizuri: mimi. Katika dubu yule nilimwona kaka siku ya ubatizo wa Atupele, amevaa ile suruali ya mtumba iliyomzidi kiuno, anapokea cheti kwa mchungaji huku viwiko vimebana suruali mbavuni isidondoke. Nikakugeukia. Na wewe ulikuwa umeshamwona.

"Ni yeye," ulisema. "Wifi, ni yeye kabisa!"

Ukacheka hadi ukaegemea ukuta. Katikati kicheko kikageuka kilio, ukalia mpaka mwenye duka akampakata Atupele na mimi nikakushika kwa mikono yote miwili. Ndiyo ilikuwa mara yako ya kwanza kumlilia.

Dirishani walisimama watu waliojikinga mvua, mmoja wao jirani yetu. Kicheko alikisikia. Kilio hakukisubiri.

Jumapili baada ya ibada baba mdogo akaita ukoo. "Mwanamke amezika juzi, leo anacheka mjini mpaka barabarani wanamsikia," alisema. Mwingine akaongeza kwamba labda ugonjwa wa kaka haukuja wenyewe. Mama, ambaye uchungu wa mwanawe ulikuwa umemmaliza, akanigeukia.

"Mwanangu, wewe ulikuwepo. Alicheka?"

"Alicheka, mama."

Hakuna aliyeniuliza habari ya kilio, wala nani alianza. Ulinitazama. Ulikuwa unanipa nafasi. Mimi nikatazama chini. Niliogopa, wifi. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika, nilikuwa nimerudi kukaa kwa mama kwa huruma yake, na niliona wazi kuwa atakayetajwa ndiye atakayefukuzwa. Ukatajwa wewe peke yako. Kesho yake ukaondoka, na mtoto wakasema ni wa ukoo. Aliyemshika Atupele asikufuate ni mimi. Aliniuma mkono, sikumwachia.

Nimemlea. Ameolewa Kisondela, na sasa ana mtoto wake. Mwezi uliopita alikuja kunisaidia kuchambua maharage, akauliza bila kuinua macho, "Shangazi, ni kweli mama alifurahi baba alipokufa?" Kumbe ndivyo alivyokuwa akisikia kwa watu miaka yote hiyo, na mimi nipo. Nikamweleza kila kitu. Hakupiga kelele. Alimfunga mwanawe mgongoni, akaondoka, zikapita Jumapili tatu hajaja.

Nilikwenda kwa baba mdogo. Amezeeka, haoni vizuri. "Hayo yalishapita, binti," akasema. Nikamjibu kwamba kwako hayajapita. Wiki ile ile nikawaeleza na ndugu wengine nje ya kanisa. Wapo walioondoka kabla sijamaliza. Mama nilichelewa kumwambia. Alikufa akiamini jibu langu lile la maneno mawili.

Jumapili ya nne Atupele alikuja. Nilimvutia kiti, hakukaa. Aliweka karatasi na kalamu mezani.

"Mwandikie," akasema. "Sema kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Sijapunguza. Msamaha sikuombi, nilishachukua kwako vya kutosha. Naomba umjibu mwanao tu. Taja mahali popote na siku yoyote, atakuja na mjukuu wako. Mimi sitafuatana naye mpaka wewe mwenyewe useme nije.

Ni mimi wifi yako,
niliyekuwepo nikanyamaza.