Kabla ya Kusema Ila

Mwamkulu, Mpanda

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Naanza na goti lako kabla ya jambo lolote. Bado linakusumbua ukishuka shambani, au ile dawa ya kuchua aliyokuletea dada imesaidia? Na baridi ya Lushoto imekaza? Huku jua linawaka mpaka bati la nyumba yangu linalia, lakini mimi mzima, nakula na nalala. Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Nikianza kusema unanikatiza, ukianza wewe nakukatiza, vocha inaisha tumenuniana.

Habari njema kwanza, maana najua umekaa roho juu: darasa langu halikufungwa.

Unakumbuka ile likizo niliyoshinda mezani na makaratasi, wewe unanisukumia mapea nile? Darasa lenyewe ndilo hilo. Mkuu wa shule alinikabidhi watoto wa kidato cha kwanza na cha pili walio mbele kidogo kwa Kiingereza, akataka niwapangie somo lao, zito kuliko la wenzao. Mama, nililipanga kama mtu anayepanga harusi. Mwezi wa kusoma hadithi, mwezi wa kuandika, kisha mwezi wa mdahalo, ambao niliuona ndio utamu wa yote. Vitabu vilikuwa vichache na vimejaa hadithi za theluji ya Ulaya, basi nikatunga hadithi mwenyewe, za mitumbwi ya Karema na viboko wanaoingia kwenye mpunga. Watoto walizisoma wakicheka hadi mwalimu wa hesabu akaja kuchungulia.

Tulipofika kwenye mdahalo wakanyamaza wote. Nikisema jambo la kipuuzi makusudi ili wanibishie, wananijibu ndiyo mwalimu. Nikawaambia jua linazunguka shule yetu. Ndiyo mwalimu. Nikaona dawa yao ni kazi ya nyumbani. Kila mmoja achague neno moja lililosemwa na mkubwa wa nyumba, alipinge, kisha aje kuandika kwa Kiingereza alivyopinga na alivyojibiwa. Na nikakazia, kama nilivyokaziwa chuoni, kwamba sentensi ya kwanza kabisa iwe ya kupinga, bila kuzunguka.

Najua hapo umeshika kichwa.

Nina mwanafunzi wa kidato cha pili, Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia huku na ng'ombe wao kabla yeye hajazaliwa. Baba yake, Mzee Masanja, alikuwa na wageni, akiwaeleza kwamba msimu huu maksai wataanza kwa kulima jaruba la mpunga la bondeni, kisha la juu. Kabula akasimama mbele yao akasema, "Baba, sikubaliani na wewe." Kesho yake Mzee alikuwa ofisini kwa mkuu kabla ya kengele, na nyuma yake wazazi wengine, kwa kuwa kazi ile ilikuwa imefanywa nyumba nyingi. Walisema mwalimu wa kutoka milimani anawafundisha watoto wao kukosa adabu. Mkuu akaitisha kikao cha wazazi, akaniambia wazi kuwa wakikataa, darasa linafungwa na mpango wangu wote unaingia kabatini.

Ni wiki ileile uliyonipigia kusema umempata mwalimu wa huko kwetu anayetaka kuja Mpanda, tubadilishane vituo. Sikufichi, nilitamani kufunga mizigo siku hiyohiyo. Niliona aibu hata kupita sokoni.

Kwenye kikao nilikuwa nimejiandaa kujitetea, wala sikupata nafasi. Mzee Masanja alisimama na fimbo yake, akasema polepole:

"Mwalimu, nyie mnadhani kwetu mtoto hana ruhusa ya kusema. Anayo. Tukikaa kuota moto pale zizini anasema vizuri tu. Ila kwanza anarudisha maneno ya mkubwa, yote, mpaka mkubwa mwenyewe akubali kwamba ndiyo, hayo ndiyo niliyosema. Hapo ndipo anatia la kwake. Huyu wako ameruka."

Akamwita Kabula aseme upya. Mtoto akapiga goti kidogo, kama wasichana wao wanavyosalimia, akayarudisha maneno ya baba yake moja baada ya jingine: kwamba maji hufika bondeni kwanza, kwamba udongo wa kule ni mzito, na maksai wana nguvu mwanzoni mwa msimu. Baba akatikisa kichwa, ndiyo. "Ila baba," Kabula akasema, "mwaka jana bondeni maji yalituzidi, miche ikazama, na jaruba la juu tukawa tumelichelewesha." Mzee akamtazama mwanawe, kisha akanigeukia mimi. "Hiyo sasa mwandikishe kwa Kiingereza," akasema, na wazazi wakaanza kucheka.

Mama, nilitoka pale nikaenda nyuma ya darasa nikalia, na kilikuwa kilio cha raha.

Sasa nimeupanga upya ule mwezi wa mdahalo. Hakuna anayepinga chochote, cha kitabu wala cha mwenzake, kabla hajayarudisha maneno yake mpaka mwenyewe atikise kichwa; cha kitabu natikisa mimi. Insha zao zimenyooka kuliko nilivyotarajia. Na Mzee Masanja, kwa taarifa yako, alianza na jaruba la bondeni vilevile.

Salamu naziweka hapahapa, maana ukifika mwisho hutakuwa na hamu ya salamu za watu. Nisalimie bibi, umwambie shuka alilonipa nalifunikia meza ya vitabu. Nisalimie dada na wanawe, baba mdogo wa cherehani, na shangazi anayeniombea kila Ijumaa.

Sasa Mama, kaa chini. Umesema nirudi kwa sababu Katavi ni mbali, ukiumwa nasikia wakati umeshapona. Umesema mwalimu wa kubadilishana naye hapatikani kila mwaka. Umesema watoto wa Lushoto nao wanataka kufundishwa. Na umesema, ile siku uliyodhani simu imekatika, kwamba nyumba ina ukimya mwingi tangu Baba aondoke. Kama sijayarudisha vizuri, usisome mbele. Nipigie, nitaanza upya.

Kama umetikisa kichwa: ila Mama, nataka kubaki mpaka hawa wa kidato cha kwanza wafanye mtihani wa kidato cha pili. Kwa mara ya kwanza tangu nije huku, asubuhi naamka nina hamu ya kazi. Likizo zote nitakuja, na goti hilo nitalichua mwenyewe.

Najua utanipigia leo hiihii. Nami nitanyamaza, nikusikilize hadi mwisho. Ila kabla hujasema ila yako, nirudishie kwanza haya yangu.

Mwanao akupendaye,
Salma