Swali la Kigari Nje ya Mkahawa

Aarhus, Denmark
Alhamisi, 9 Machi 2017

Mpendwa Sidsel,

Kosa wanalofanya wengi wanapoletewa majibu ya ajabu ni kumshuku aliyeyaleta kabla ya kulishuku swali lenyewe. Nimelitanguliza hili hata kabla ya kukujulia hali kwa sababu najua hupati usingizi. Basi pumua, mwanangu. Graça, mdadisi wako, hakutunga majibu. Kamati ilikubali hivyo jana, na Ureno haiondolewi kwenye utafiti.

Sasa nikusalimu kama ilivyo ada. Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa katika nyumba hiyo isiyo na joto? Mimi ni mzima. Goti hunikumbusha umri kila nikipanda baiskeli, lakini napanda. Baba yako naye hajambo. Amenikuta naandika akacheka, eti mimi tu ndiye niliyebaki duniani ninayetuma baruapepe yenye mji na tarehe juu kama ya posta. Mwache acheke.

Ofisi itakuandikia ikishapitisha muhtasari wa kikao, na muhtasari wetu huiva polepole kama jibini. Kwa hiyo nakueleza mimi.

Unajua kwamba tangu nistaafu hualikwa kwenye kamati ya hojaji zaidi kwa ajili ya kula keki na kukumbuka mambo ya zamani. Safari hii sikuenda kula keki. Ajenda ilikuwa na jambo moja zito: ama wadadisi wenu wa Viseu, huko milimani Ureno, wamekaa nyumbani wakajaza majibu kwa kubuni, ama watu wa milima hiyo hawaamini binadamu yeyote. Hakuna aliyetaja uwezekano wa tatu.

Swali lenyewe unalikumbuka: "Je, ungemwacha mtoto mchanga amelala kwenye kigari nje ya mkahawa huku wewe ukinywa kahawa ndani?" Mwenyekiti wetu, Preben Holmgaard, alilitunga ili apime jinsi watu wanavyowaamini wenzao. Kwetu ni kipimo kizuri. Wewe mwenyewe ulilala nje ya duka la mikate, theluji ikianguka, pua nyekundu kama figili, na mama yako ndani anachagua keki bila wasiwasi.

Majibu ya Graça yakaja: hapana, hapana, hapana, vijiji vizima. Wadadisi wa Lisbon angalau walileta ndiyo moja moja. Mashine inayonusa udanganyifu ikampigia alama nyekundu, nawe ukaamriwa umsimamishe kazi mwanamke aliyekukaribisha mezani kwake siku ya kwanza ulipofika. Najua mkono wako ulivyokuwa mzito ukiandika ile barua. Najua pia kwamba katika mji mdogo, jina la mwalimu mstaafu likishachafuka, sabuni yake haiuzwi dukani.

Preben alitaka kura ipigwe kabla ya chakula cha mchana. Nikaomba jambo moja la kizamani. Tumsomee swali mtu wa huko, ajibu, kisha atusimulie alichokuwa akikifikiria alipokuwa akijibu. Wengi huona kazi hii ni upotezaji wa wakati, maana maneno yametafsiriwa, yakarudishwa katika lugha yetu, yakatoka safi. Lakini tafsiri hukagua maneno, haikagui maisha. Swali laweza kuvuka mpaka likiwa na kila neno lake, na maana yake ikabaki nyumbani.

Nilikuwa nimemwomba Fernanda Queirós aje, Mreno anayetibu meno hapa mjini, mzaliwa wa vijiji vya huko huko Viseu. Alikuja na mwanawe mgongoni. Preben akamsomea.

"Nje?" Fernanda akauliza. "Peke yake?"

"Si peke yake hasa," Preben akamtuliza. "Unamwona dirishani."

"We bwana we! Mama mkwe wangu angepanda ndege ya kwanza aje aninyang'anye mtoto."

"Kwa hiyo unaogopa ataibwa."

"Aibwe na nani? Huyu hulia usiku kucha, mwizi gani atamtaka? Naogopa maneno! Watu wangesema, mtazameni yule, kahawa kwake ni bora kuliko mwana."

"Lakini majirani huwaamini."

"Nani kasema siwaamini? Mama yangu amempa jirani ufunguo wa nyumba. Akichelewa sokoni anakuta supu imeshaiva jikoni kwake, na vyombo vimepangwa upya. Vibaya! Wanagombana kila juma, na ufunguo haurudishwi."

Kisha Lone, anayesimamia tafsiri zetu, akamgeukia mwenyekiti.

"Preben, jirani yako ana ufunguo wako?"

"Jirani yangu? Hata jina lake silijui. Tunapungiana mkono kwenye mapipa ya taka."

"Basi ndugu yangu, wewe ndiye uliyetaka kuwapima Wareno kwa imani!"

Tulicheka mpaka mtoto wa Fernanda akaamka. Preben alicheka pia, akiwa mwekundu mpaka masikioni, akasema kwamba ameandika swali la mtaani kwake na kulivika bendera za nchi zote. Nilimheshimu kwa hilo. Kabla hajaombwa na mtu, aliagiza muhtasari uanze kwa kumsafisha Graça, kwa jina lake kamili.

Dakika hiyo hiyo alitaka kufuta kigari na kuweka ufunguo. Hapo ikabidi nimshike mkono. Tungelikuwa tumeuhamisha upofu kutoka kaskazini kwenda kusini tu. Kuna nchi kwenye orodha yetu ambako milango haifungwi kabisa, na kuna miji ambako funguo hukaa kwa bawabu. Ukiulizia tendo, hakikisha tendo hilo lina maana ile ile kila unakouliza, la sivyo utapima desturi na kuiita tabia. Mwishowe tumeafikiana kuuliza waziwazi majirani wanaaminiwa kwa kiasi gani, kisha kila nchi ijaribu swali hilo kwa watu wachache wanaofikiri kwa sauti, kabla ya kuchapa chochote. Itatuchelewesha hadi majira ya joto. Sijali, na usijali.

Jambo jingine, fupi. Ulijilaumu kwamba hukumtetea Graça vya kutosha. Ulinitumia maelezo yake kuhusu kila nyumba aliyobisha hodi, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishikilie msimamo jana. Huo ni utetezi. Lakini yeye hajui. Anachokijua ni barua yenye sahihi yako iliyomtaka arudishe kitambulisho cha kazi, na majirani waliomwona akikirudisha.

Baba yako anakusalimu na kukuuliza kama mkate wa shayiri bado unapatikana huko, ama akutumie. Kaka yako Troels anakusalimu. Amenunua mashua mbovu na ana furaha isiyo na kiasi. Bibi Ellen, jirani wa ghorofa ya chini, naye anakusalimu. Nilimwomba jana jioni anitunzie ufunguo wa ziada, akashtuka kidogo, kisha akanitilia kahawa.

Mola akulinde, akupe usingizi mzito usiku wa leo, na akuzungushie watu wema wa kukukemea unapostahili.

Usiingoje ofisi, wala usimwandikie Graça. Barua moja imemtosha. Ukimaliza kusoma hapa, vaa koti, nenda kwake, ubishe hodi, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba hakukosea.

Shangazi yako akupendaye bila kipimo,

Gudrun