Jina Lako Limefika Ingleburn

Liverpool, Sydney
Jumapili, nimetoka kanisani

Mdogo wangu Nekesa,

Kabla ya salamu, neno moja. Huyo dada aliyekukabidhi bahasha hii usimwache aondoke, hata akisema ana haraka. Mkalishe, umpe chai ya maziwa, na usome barua yote akiwa hapo hapo. Ni nani, nitakwambia nikifika mbele.

Haya, hujambo? Shemeji Barasa mgongo unaendeleaje? Watoto je? Na Mama, miguu imepungua kufura, ama bado ananidanganya kwa simu kwamba yuko sawa sawa? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nakwenda kazini. Huku ni baridi ya kuingia kwa mifupa na hakuna moto wa kuota. Nina kihita kidogo chumbani ambacho nakiogopa kwa sababu ya bili ya stima.

Najua unajiuliza kwa nini nimekuandikia barua kama mtu wa zamani. Ni kwa sababu kwa simu hunipi nafasi. Nikitaja chuo tu, ati mtandao unasumbua. Nikikuandikia kwenye WhatsApp unasoma, halafu unanyamaza. Mama ameniambia yote. Chuo kimewaita, timu nzima ya mpira wa kikapu ya mwaka ule, mje mcheze na wasichana wa sasa kabla uwanja wetu haujavunjwa wajenge madarasa. Na wewe umekataa. Ati umesema hutakanyaga pale mpaka ufe. Jameni, Nekesa! Timu bila wewe ni timu gani?

Acha kwanza nikueleze ninavyoishi, ndio ujue anayekuomba ni nani.

Nafanya kazi kwa ghala moja kubwa kule Ingleburn. Tunapanga maboksi, foklifti zinapita, na kila mtu amezibwa masikio kwa sababu ya kelele za mashine. Unaweza kuingia na kutoka bila kusema neno. Supavaiza alishindwa na jina langu siku ya kwanza, akaniita Wally. Nikaitika kwa adabu, nikidhani ni mara moja tu. Basi, ikakwama. Hata kwenye kibandiko cha kifuani wameandika Wally. Kuna Mkongo mmoja, baba mtu mzima anayeitwa Byamungu, ndiye tunayekula naye chakula cha mchana. Yeye ananiita Mukenya. Kanisani naitwa ndugu tu.

Chumba changu kiko nyuma ya nyumba ya mama mmoja mzee, mwenye heshima zake. Siku moja niliomba kwa sauti, kidogo tu, si unajua maombi ya kwetu. Akaja kugonga mlango, ameshika simu mkononi, akitaka kujua kama aniitie ambulensi. Nakwambia! Mimi huyu, ambaye nikiita timu yetu "Siafu!" pale uwanjani, ng'ombe wa mkuu wa chuo walikuwa wanaacha kula. Tangu siku hiyo naomba kimoyomoyo.

Watu huku wapo, tena wengi. Treni inajaa mpaka mnapumuliana. Lakini unaweza kumaliza wiki nzima hujaisikia sauti yako mwenyewe. Kuna siku nilitaka kumwita mwenzangu aliyekuwa anarudi nyuma bila kuangalia foklifti inayokuja, na sauti ikatoka ndogo, imekwaruza, kama ya mtu aliyeamka kwa homa. Hakuumia, lakini mimi nilienda chooni nikalia. Nina upweke, mdogo wangu. Sitaki kulizunguka hilo neno. Nina upweke mwingi.

Basi nikipanga maboksi naucheza ule mwaka wote kichwani.

Naanza na vipigo, maana tulipigwa sana kabla yake. Unakumbuka wale dada waliowatangulia, basi lao lilipokwama kwenye matope wakalisukuma wenyewe, wakaingia uwanjani na tope mpaka magotini? Walifungwa vibaya, na bado tukawaimbia. Na ile siku mtu wetu alichanganyikiwa akafunga kwenye kikapu chetu wenyewe, na sisi tukashangilia kwanza! Tukapiga vifuniko vya sufuria, tukarukaruka, mpaka refa akatuonea huruma. Hakuna mashabiki wengine duniani wangefanya hivyo. Tulikuwa wajinga, na tulikuwa na raha.

Halafu mkaja nyinyi. Wafupi hivi, Mwalimu Wanyonyi wa hesabu ndiye kocha, anawachorea kwa chaki sakafuni ni nani aende wapi. Tulisema hawa wataliwa. Kumbe! Kila Jumamosi mnashinda. Tukaanza kujiamini mpaka tukawa tunaudhi watu. Mpishi wa chuo alikuwa akitunyima vifuniko vya sufuria, lakini kufikia fainali alikuwa anatugawia mwenyewe mlangoni, anatuambia tusirudi navyo vikiwa vizima.

Na zile kawaida zetu mbili hazikuvunjwa hata mara moja. Ya kwanza, mtu wetu akichezewa rafu na kusimama kwenye mstari kutupa mipira yake ya bure, hakuna kelele. Kifuniko kinawekwa chini, hata kukohoa ni mwiko. Ya pili, mchezo ukiisha, tumeshinda ama tumeshindwa, tunawasindikiza wageni kwa nyimbo mpaka langoni. Mgeni haachwi kutoka peke yake.

Najua hapa unataka kukunja barua. Usikunje, dada yangu.

Fainali tulicheza na timu ya Mamba, kwetu, watu wamepanda mpaka kwenye matangi ya maji. Muda ulikuwa umekwisha, tuko nyuma kwa pointi moja, na wewe umechezewa rafu ukirusha. Mipira miwili, uko peke yako kwenye mstari. Tukanyamaza kama kawaida. Wa kwanza ukagonga ringi mbele. Wa pili ukazunguka ringi, ukazunguka, kama mtu anayetafuta mlango gizani, ukatoka. Na sisi tulikuwa bado tumenyamaza, hakuna aliyejua nani aanze kusema nini.

Wewe ukatoka kwa mlango wa jikoni. Ukapanda gari la kwenda nyumbani na jezi mwilini, hukungoja hata chakula. Na miaka yote hii wimbo wako ni mmoja: walininyamazia, walinichukia. Nimekwambia mara ngapi? Tuliposindikiza Mamba langoni hatukuimba wimbo wa Siafu. Tuliimba jina lako. Nekesa, Nekesa, kuanzia uwanjani mpaka basi likawashwa na kuondoka, watu wanalia na bado wanaimba. Na kila nikikwambia unanijibu, "Wewe ni kaka yangu, utasema nini kingine?"

Sawa. Mimi ni kaka yako, ushahidi wangu haufai. Sasa sikia huu.

Jumamosi iliyopita Byamungu aliniambia, "Mukenya, mutoto yangu iko na match ya basket. Kuya tuone. Bazazi ya huku wanakaa kimya kama kwa messe ya kanisa, mi nachoka." Nikaenda, maana nilikuwa sina pengine pa kwenda. Uwanja wenyewe uko hapo hapo Ingleburn, ndani ya jengo, sakafu inang'aa mpaka unaona aibu kuikanyaga. Wazazi wamekaa na vikombe vyao vya kahawa, wanapiga makofi kwa ncha za vidole. Na mimi nimekaa na kahawa yangu, nimenyamaza kama wao.

Binti ya Byamungu anaitwa Esperansi. Mrefu, mwili wote miguu, bado hajajua pa kuiweka. Akachezewa rafu, akasimama kwenye mstari. Mwili wangu ukakumbuka wenyewe: nikaweka kikombe chini, nikashika pumzi. Akatupa. Akakosa.

Na nyuma yangu mwanamke akapaza sauti: "Nekesa! Nekesa, mama! Nekesa!"

Nilipiga kahawa teke, ikamwagikia viatu vya mzungu wa watu. Nikageuka. Ni dada mmoja ameketi na mwenzake, koti zito juu ya sare za hospitali, ngozi ya kwetu kabisa. Nikamwuliza kwa Kiswahili, "Samahani dada, Nekesa ni nani?"

Akacheka kwa haya. "Aki pole, ni mazoea tu. Ni mambo ya chuo chetu. Mtu wetu akikosa mpira wa bure tunamwitia hivyo, ndio ajue tuko na yeye."

"Chuo gani?"

Akakitaja. Nekesa, ni Mamba! Ni Mamba mtupu!

Nikamwuliza, "Na huyo Nekesa mwenyewe?"

"Kusema ukweli hatumjui. Nilipofika pale nilikuta wanaita. Waliotutangulia walisema ni msichana wa chuo kingine. Alikosa kwenye fainali, na watu wake wakamwimbia jina mpaka langoni. Watu wetu wakarudi na kombe, na ndani ya basi wanalia. Wakasema, kushinda tumeshinda, lakini ile kitu wako nayo hatuna. Ndio ikaanza. Mimi nilidhani alishakufa."

"Hajafa," nikamwambia. "Ni dada yangu. Anafundisha darasa la nne, na ana kichwa kigumu."

Akashika mdomo kwa mikono miwili. Halafu tukalia, mimi na Mamba, mbele za watu, na hata majina yetu tulikuwa hatujaambiana. Byamungu anatuangalia: "Munalilia nini, wandugu? Mutoto amekosa tu mupira!"

Tukamweleza. Akamweleza mke wake. Esperansi aliposimama tena kwenye mstari, sisi wote tukanyamaza kwa heshima. Akakosa tena, maskini. Na hapo tukakuita. Mimi nilifungua mdomo sikujua nini kitatoka, na ikatoka, Nekesa, ile sauti yangu yenyewe ya uwanjani! Mtoto mchanga akaanza kulia, refa akageuka, wazazi wakainuka kutazama. Nilikuwa nimefikiri imekufa, kumbe ilikuwa imekosa tu jina la kuita. Na yule mtoto, badala ya kuinamisha kichwa, akatabasamu akakimbia kukaba.

Baadaye akaniuliza kwa Kiingereza, ndivyo watoto wa huku wanavyokujibu hata ukiwasemesha Kiswahili, huyo Nekesa ni nani. Nikamwambia ni mtu aliyekosa. Akafikiri, akasema, basi ni kama mimi.

Sasa umeshajua aliyekaa mbele yako ni nani. Anaitwa Akinyi, ni muuguzi, anafanya kazi Westmead. Amekuja nyumbani likizo, na yeye ndiye aliyeniomba barua hii. Alisema, "Andika, nitampelekea mkononi. Nataka nimwone kwa macho yangu kwamba ni mtu." Mwulize swali lolote unalotaka. Yeye si kaka yako. Na ameniahidi kwamba ukikubali, atafuatana na wewe Jumamosi ile ya mchezo mpaka uwanjani. Lakini ni Mamba, kumbuka, sukari usimwekee nyingi.

Nenda, Nekesa. Mimi ningekuja hata kwa kutambaa, ila karatasi zangu za viza bado ziko ofisini, na nikitoka sasa huenda nisiruhusiwe kurudi. Wewe uko karibu na mlango, na umekataa kuingia. Hilo ndilo linaloniuma. Sikuombi ushinde. Simama tu kwenye ule mstari, utupe. Ukifunga, vizuri. Ukikosa, kaa hapo hapo, usikimbilie jikoni. Wape nafasi wakuite ukiwa unasikia. Hawajawahi kukuita ukiwepo.

Nisalimie Mama, umwambie suruali ya ndani ya baridi aliyonishonea naivaa kila siku, asione haya kusimulia. Shemeji Barasa mwambie aache kubeba magunia, mgongo hauuzwi dukani. Wapwa wangu wote, hasa yule mdogo anayelingana nami kwa sauti, asinyamazishwe hovyo. Kukhu mwinamie sikioni umwambie mjukuu wake anakula ugali hata huku. Na Mwalimu Wanyonyi ukimkuta pale na chaki yake, mshike mkono kwa niaba yangu, umshike vizuri.

Jambo langu la mwisho ni dogo. Mchezo ukiisha mtawasindikiza wageni mpaka langoni, najua, hiyo haiwezi kuwa imekufa. Basi lao likishaondoka, kabla hamjatawanyika, niite na mimi. Jina langu zima, mkiwa wengi, kwa nguvu zenu zote. Lako linaitwa mpaka Ingleburn na watu wasiokujua. Langu sijalisikia likiitwa kwa nguvu tangu nipande ndege.

Ni mimi kaka yako,
Wafula