Nilicheka Kabla Mwigizaji Hajafungua Mdomo

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijasaini uongo.

Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni mpima ardhi, na Jumamosi iliyopita wifi yangu alitupeleka ukumbini kutazama mchezo wa kuchekesha, sasa humo kuna baba mmoja ambaye kila kukitokea jambo nyumbani anavua miwani, anaifuta kwa shati, anasema, "Mimi sisemi kitu," halafu anasema mpaka chakula kinapoa, na mume wangu ndivyo alivyo, hivyo hivyo, miwani na shati na yote, kwa hiyo mara ya pili mwigizaji aliposhika tu miwani nikaangua kicheko peke yangu, ukumbi mzima kimya, yaani mimi na wifi tu, watu wakageuka, nikamtazama mume wangu, naye ameshavua yake anaifuta! Jamani, nilicheka mpaka machozi.

Njiani akasema, "Mimi sisemi kitu," akasema mpaka mlangoni: eti nimewapelekea waigizaji siri zake, la sivyo ningejuaje pa kuchekea? Amehamia kwa dada yake, huyo huyo wifi, na ameniletea karatasi ya kukiri, nisaini kabla ya Jumapili au harudi. Watoto wanauliza baba yuko wapi. Waigizaji wenyewe simjui hata mmoja! Nikijieleza ananikatiza, miaka kumi na moja sijamaliza sentensi mbele yake, nimechoka, nisaini tu yaishe?

Mshonaji

Dada Mshonaji,

Usisaini! Karatasi hiyo ikate umbo la kola, angalau ikufae kazini.

Pole, mumeo anachosha. Mtu mzima kukimbia wanawe kwa sababu ya kicheko! Na amekimbilia wapi? Kwa yule mwingine aliyecheka kabla ya wakati. Mbona dada yake hajaandikiwa karatasi? Amekua naye, anamjua. Hakuna aliyepeleka siri popote. Mumeo alijiona mwenyewe pale jukwaani, na ikamuuma.

Lakini na wewe, acha hizo. Miaka yote unameza maneno, halafu unakuja kumwambia kwa kicheko mbele ya ukumbi mzima? Hata mimi ningeumia. Kwa hilo muombe radhi, kwa hilo tu.

Kesho mchana nenda kwa wifi yako. Mumeo atavua miwani. Ichukue taratibu kabla haijafika kwenye shati, ishike, umwambie, "Leo naanza mimi." Sema yote uliyoniandikia, mpaka nukta ya mwisho. Ukimaliza, mrudishie miwani yake, kisha unyamaze umsikilize.