Mapazia Yaliyopungukiwa Sentimita Nane

Mshauri, pokea salamu zangu, nina jambo linanikereketa na sina wa kumwambia maana mume wangu ameshasema hayo ni yangu na dada yake. Mimi ni fundi cherehani, nafanya kazi na wifi yangu chumba kimoja, mwaka wa saba huu, mimi nakata na kushona, yeye anafua vitambaa vipya kabla havijashonwa na kupiga pasi. Juzi tukapata kazi ya mapazia sita, kila kipande kiwe mita 2 kamili kikishafuliwa, na muuza kitambaa akatuambia kinapungua asilimia 20 maji ya kwanza, basi nikapiga hesabu, asilimia 20 ya mita 2 ni 0.4, nikajumlisha, nikakata vipande vya mita 2.4, nikampa afue kwa maji baridi, vilipokauka napima hiki 1.92, kile 1.92, vyote sita! Nikajua kachemsha maji. Mbele ya wateja wawili nikamwita mzembe, nikamwambia hata kufua kumemshinda, naye akasema tu, "Wifi, haki ya Mungu nimetumia maji ya bombani," akatua beseni akaondoka. Leo siku ya kumi na mbili simu hapokei, binti yangu ananiuliza shangazi atakuja lini, na chumba kimenipwaya. Nimfanyeje akiri kosa lake turudi kazini?

Fundi Mwenye Haki

*

Fundi, pole kwa upweke, ila kaa kitako kwanza. Vipande sita vikipungua sawasawa, usilitazame beseni, itazame hesabu.

Chukua kalamu. Wewe uliongeza asilimia 20 ya mita 2, lakini kitambaa hakina habari na mita 2 zako. Chenyewe kilipungua asilimia 20 ya ulichokata, yaani ya 2.4, na hiyo ni 0.48. Toa kwenye 2.4, zinabaki 1.92. Ndizo hizo sentimita nane zako, hakuna hata moja iliyosalia ya kumbambikia mtu. Kikipungua asilimia 20 kinabaki asilimia 80, kwa hiyo ungegawa 2 kwa 0.8, upate 2.5, ukate hapo.

Kosa la hesabu hata mimi nalifanya. Kinachoniudhi ni kwamba miaka saba mmekaa chumba kimoja, akakuapia, na hukurudi kuangalia karatasi yako hata mara moja. Umeniandikia nikusaidie kumbana mtu asiye na kosa!

Mapazia yana dawa: fua kwanza kitambaa cha rangi nyingine, kisha ongeza ukanda chini. Kwa wifi yako usimtume mume wako. Nenda mwenyewe, na karatasi ya hesabu mkononi, umwombe radhi. Halafu wateja wale wawili wakija kuchukua nguo zao, waambie, naye akiwepo, kwamba aliyekosea ni wewe. Ulimvunjia heshima mbele ya watu, usije ukamrudishia kwa kunong'ona.

Na lile jina ulilosaini chini ya barua, mpelekee wifi yako. Ni lake.