Nyumba Isiyokuwamo Daftarini

Bi Rukia,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini wewe mwenyewe ulinikataza kuanza na haja kabla ya salamu, na miaka minne niliyokaa ubavuni mwako haiwezi kupotea hivi hivi. Basi nakuamkia. Ofisini ni wazima. Mkuu bado anakohoa na bado anavuta. Fatuma mwanao ni mzima. Mimi Kadzo wako ni mzima wa mwili tu, ndiyo sababu nimetoka kanisani leo nikaja moja kwa moja kuketi na kalamu badala ya kwenda kula.

Mwaka umepita tangu tukupoteze. Kile kidonda cha mguu ulichokuwa ukikificha chini ya buibui na kusema ni kiatu kipya, ndicho kilichokuondoa. Ulifariki Alhamisi asubuhi, na mimi nilipofika kwenu Kibokoni ulikwisha kuzikwa. Unajua nilikuja na nini? Nilikuja na barua ya rambirambi, nimeipiga taipu, ina muhuri wa ofisi ya elimu. Mkuu aliitia sahihi. Fatuma akaipokea mbele ya wanawake wote waliokuwa wameketi mikekani, akaiweka juu ya kabati bila kuifungua. Salha mjukuu wako akanisogezea nafasi kando yake, nikakaa kitako, nikalia mpaka leso ikaloa. Barua ile ilikuwa na mistari sita, na hakuna hata mmoja uliosema kwamba nitakukosa.

Nikapewa kazi yako. Mimi ndimi karani wa wazazi sasa. Wakihamisha darasa, wakibadilisha saa za masomo, mwalimu akigombana na mtaa, mimi ndiye wa kupeleka neno la ofisi majumbani na kulirudisha neno la majumbani ofisini. Ndivyo inavyosema karatasi ya kazi. Wewe hukuwa ukiisoma karatasi hiyo. Wewe ulikuwa ukivaa buibui lako baada ya alasiri na kuingia mtaani, kama wanawake wanaotumwa kualika harusi, nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango. Na kila ulipoketi ulisema maneno yale yale, baada ya kahawa, kamwe si kabla: "Mwaalikwa shuleni, nyinyi na watu wenu."

Mimi mtoto wa Kaloleni, niliyefundishwa taipu na masista, niliona huo ni uvivu uliovishwa heshima. Nisamehe. Nilikuwa nikihesabu vikombe. Siku moja, kwa yule bibi wa ghorofani mwenye ngazi mbovu, ulinikamata nikitazama saa. Ulinishika mkono, ukaizungusha saa ikalala upande wa kiganja, ukaendelea kuuliza habari za magoti ya mwenyeji wako. Tulipotoka ukaniambia, "Vidole vyako vina haraka, mwanangu, lakini watu hawapigwi taipu." Nilicheka. Sikuelewa hata chembe.

Sasa nikwambie nilichokifanya.

Mvua za masika zilipasua ukuta wa ghorofa ya juu ya shule ya wasichana, ile shule ya mtaani kwenu aliyokuwa akisoma Salha. Fundi akasema juu kusipandwe. Ikaletwa amri kwamba wasichana wa madarasa makubwa wahamishiwe shule nyingine, kule upande wa pili wa Mwembe Tayari, lakini kwanza wazazi waitwe wasikizwe. Kuwaita wazazi ni kazi yangu. Nikakata stensili, nikatoa nakala nzuri, wino haukutapakaa hata kidogo, nikampa kila msichana yake apeleke nyumbani. Ilinichukua asubuhi moja. Nilijisifu, Bi Rukia. Nilisema moyoni, mama wa watu alikuwa akipoteza majuma mawili kwa kitu cha asubuhi moja.

Siku ya mkutano walikuja baba wawili, na mmoja wao alikuja kuuliza habari ya shule nyingine kabisa. Mkuu akangoja kidogo, akakohoa, akasema, "Waliarifiwa, hawakuja. Basi wameridhia." Nami nikaandika kwenye kumbukumbu za mkutano: Wazazi hawakuwa na pingamizi. Nikatia sahihi.

Wasichana wakahamishwa. Nani wa Mji wa Kale angemwachia msichana wa umri ule apite peke yake kila siku katikati ya mabasi ya bara na makuli na wachuuzi, kisha arudi adhuhuri mbio ili awahi chuoni kusoma Kurani? Kufikia Ijumaa madawati yalikuwa matupu. Hawakugoma, hawakuja ofisini kupiga kelele. Walikaa tu na watoto wao. Nikakutana sokoni na mama mmoja, nikamuuliza kwa nini hakuja mkutanoni na barua alipata. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Karatasi niliiona. Nikafungia mahamri. Kwani ni nani alokuja kunialika?"

Nilirudi ofisini nikafungua mtoto wa meza yako. Daftari lako lilikuwamo bado, lile lenye jalada la kijani. Baada ya msiba nilikuwa nimelipekua kidogo nikadhani ni umbeya, nikalitupia chini ya makaratasi. Safari hii nililisoma kama msahafu. *Mlango wa buluu, karibu na kisima. Mama Asha. Hasikii sikio la kushoto, keti kuliani kwake. Ghorofa, ngazi mbovu. Bibi ndiye mwenye neno, usianze na mama mtu. Nyumba ya mfua dhahabu. Mume na mke hawasemezani, mwalike kila mmoja peke yake.* Kurasa kwa kurasa. Kumbe muda wote ule uliokuwa ukinywa kahawa ulikuwa kazini.

Nikaanza na mlango wa buluu. Nikapiga hodi tatu kama ulivyonifunza, nikavua viatu, nikaketi kuliani. Mama Asha akanisikiza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Yuwapi mwenzio?" Nikasema niko peke yangu. "Wewe waja kualika peke yako? Mwaliko huja na watu wawili, ili mmoja akisahau mwenziwe amkumbushe. Rukia hakukwambia?" Hukuniambia, Bi Rukia, kwa sababu mwenzio nilikuwa mimi. Mama Asha akanyanyuka, akachukua buibui lake kwenye msumari, tukatoka.

Majuma mawili tulizunguka, tangu alasiri hadi karibu na magharibi. Saa nimeigeuza. Kila nyumba nilisema kwa kinywa changu kwamba mimi ndiye niliyeandika kuwa hawakuwa na pingamizi. Bibi wa ngazi mbovu alinikazia macho mpaka nikatamani ngazi yake inidondoshe. Mwisho akasema, "Rukia angalikuja kabla, si baada." Kisha akanimiminia kahawa.

Ungeuona ule mkutano wa pili! Uani palijaa. Wanawake wametandika mikeka, wanaume barazani, bibi wa ngazi mbovu kaletwa na kiti chake. Mkuu akaninong'oneza, "Hawa wote ni wazazi?" Nikamwambia ni wazazi na watu wao. Nikasimama, nikasoma ile sentensi yangu mbele ya kila mtu, nikasema si kweli. Hapo mwalimu wa chuo cha jirani akasema kwamba vyumba vyake huwa vitupu kila asubuhi, watoto huja kwake baada ya adhuhuri tu, basi kwa nini madarasa madogo yasisomee kwake, na wasichana wakubwa wakarudi vyumba vya chini? Mkuu akauliza kwa nini hakulisema mapema. "Sikuulizwa, bwana," akajibu.

Ikawa hivyo. Nikapewa barua ya onyo kwa ile kumbukumbu ya uongo. Niliipiga taipu mwenyewe, kwani mpigaji taipu ni nani mwingine? Sikujali. Asubuhi waliporudi nilisimama langoni na orodha mkononi, nikiwatia alama mmoja mmoja, nikakukumbuka kwa furaha kwa mara ya kwanza tangu ufe. Wakaja wote. Nikasubiri kengele, nikasubiri na baada ya kengele. Salha hakuja.

Nilidhani anaumwa. Jioni nikaenda kwenu. Fatuma akafungua mlango, akabaki amesimama kizingitini. Hakusema karibu. Bi Rukia, katika nyumba ile nimekula mbaazi zenu zaidi ya za mamangu, na siku hiyo nilisimama nje kama mtu wa kusoma mita.

Akaniambia polepole. "Mtaa mzima umeuingia, Kadzo. Siku ulokwenda kwa jirani nilikusikia ngazini mwake. Nikavaa, nikapika kahawa. Salha akakaa dirishani. Nikasema labda atatuweka mwisho, sisi ni wa nyumbani. Siku ya pili nikapika tena."

Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Haimo daftarini."

Alicheka, kicheko kibaya. "Mama angalijialika mwenyewe?"

Kweli haimo. Nimelipekua mara tatu. Umeandika kila mlango isipokuwa wako, kwa kuwa hukuhitaji kujipigia hodi. Nami nilifuata daftari lako neno kwa neno, nikauruka mlango uliotokea wewe. Mgeni asipoalikwa husema labda wamesahau. Mtu wa nyumbani asipoalikwa husema wamenitoa. Fatuma alikuwa amemtoa Salha shuleni na kumpeleka Malindi kwa shangazi yake, akamsaidie ushoni. Mtoto wa darasa la saba, aliyekuwa akisoma barua zako kwa sauti macho yako yalipochoka.

Lakini daftari ni kisingizio, na wewe huwezi kudanganywa, hai wala maiti. Nilijua nyumba yenu iko pale. Nilipita mbele yake kila alasiri nikiwa na Mama Asha, na kila alasiri niliharakisha hatua. Niliogopa kuingia nikuone hupo. Niliogopa kile kiti chako cha kamba dirishani. Tangu arobaini yako sikukanyaga mle ndani, nikajiambia Fatuma ataelewa, ana habari zote, ni mwanao, ni kama mtu wa ofisi. Niliweza kuingia nyumba za watu wote niliowakosea, nikashindwa kuingia ya yule ninayempenda.

Jana nilirudi na Mama Asha. Hodi tatu. Fatuma alituacha tungoje, haki yake, kisha akatufungulia. Nimekiona kiti, Bi Rukia. Kimewekewa nguo za kupigwa pasi. Nililia hapo hapo kabla hata ya salamu, najua ni makosa, na nikamwambia Fatuma haya ninayokwambia. Akalia naye. Akaichukua juu ya kabati ile barua yangu ya muhuri, bado haijafunguliwa, akanirudishia. Tukanywa kahawa. Nikasema, "Mwaalikwa shuleni, nyinyi na watu wenu."

Fatuma akafuta uso. Akasema yeye amekubali, lakini hatamrudisha mtoto kwa amri. "Aloketi dirishani ni Salha. Siku ile ya pili aliniambia, 'Mama, nyanya amekufa, basi na sisi tumekufa.' Nendeni mkamwalike yeye."

Kwa hiyo nimechukua kalamu. Leo nimefungua ukurasa wa kwanza wa daftari, pale juu ulipoacha nafasi, nikaandika kwa mkono: *Nyumba ya Bi Rukia. Mlango mdogo, ubavuni mwa mshona kofia. Anza hapa. Usikiogope kiti.* Mwandiko wangu si mzuri kama wako, nimezoea mashine.

Lala salama, mama yangu wa mjini. Sikukuaga siku ile, nilikuletea karatasi, basi nakuaga sasa kwa machozi yangu mwenyewe. Kumbukumbu za uongo sitaandika tena, na mlango wako sitaupita tena. Jumamosi mimi na Mama Asha tunapanda basi la asubuhi kwenda Malindi. Pengine Salha atakataa kutoka chumbani. Hatutamuita kwa sauti. Tutavua viatu, tutaketi, na shangazi yake akipika kahawa tutakunywa, na tukimaliza tutangoja.