Kwa Nini Walichoka

Jumatatu, 3 Juni

Leo Mkurugenzi kanipa kazi ya kibao. Kibao kimoja tu! Kikae mlangoni mwa pango, kieleze kwa nini watu wa kale walichora kwenye mawe. Maneno arobaini, yasizidi, maana mgeni rasmi hapendi kusoma. Anakuja Jumamosi kukizindua. Mimi naongoza wageni hapa mwaka wa tisa, kwa mikataba ya miezi sita sita, na wa sasa unaisha mwezi huu. Kibao kikipendeza, nitaajiriwa moja kwa moja. Kisipopendeza hakusema. Alikohoa tu.

Jumanne, 4 Juni

Kikao saa tatu nzima. Profesa wetu wa mambo ya kale anasema ulikuwa uchawi wa uwindaji — ukimchora nyati, umeshamkamata nusu. Nikauliza mbona mifupa iliyochimbuliwa humu ni ya sungura watupu, na ukutani hakuna hata sungura mmoja. Akasema swali zuri, akaendelea. Mkurugenzi anaona walikuwa wanatangaza kwamba eneo ni lao. Kwa nani? Tumekubaliana neno moja: "huenda".

Jioni nikamwuliza mama. Alikuwa anachambua mchele, hata kichwa hakuinua. Akasema mvua imewafungia ndani siku tano, watoto wanalia, nyama imekwisha — wewe mwanangu usingechora? Mama hana digrii, kwa hiyo hakualikwa kwenye kikao.

Jumatano, 5 Juni

Rasimu ya nane. Profesa anaongeza "huenda", Mkurugenzi analifuta. Fundi mabango kaniletea nakala ya kuhakiki nikiwa na wageni thelathini na tochi moja. Nikahesabu maneno. Arobaini kamili! Nikasaini.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwisha.

Kibao kimefika, cha chuma, kimesimikwa kwa zege. Juu kabisa, herufi kubwa kama kiganja: KWA NINI WATU WA KALE WALICHOKA? Walichoka! R imekuwa K. Nilihesabu maneno, sikuyasoma! Fundi kanionyesha sahihi yangu, kwa upole kabisa. "Dada, mimi naandika kilichosainiwa." Kukirekebisha ni siku tatu. Mkurugenzi kafoka mpaka popo wakatoka pangoni. Kesho, kasema, napewa barua ya onyo. Mkataba hakuutaja na mimi sikuthubutu kuuliza. Naogopa. Nina miaka arobaini na mbili. Nani ataniajiri kwa ujuzi wa kumulika nyati?

Jumamosi, 8 Juni

Naandikia chooni, komeo nimefunga.

Mkurugenzi alifunika kibao kwa kitambaa, akaagiza kisifunuliwe. Lakini kitambaa kilikuwa na kamba, na mgeni rasmi akiona kamba huivuta. Akasoma kwa sauti. Akanigeukia mimi, mwenye kitambulisho shingoni. "Enhe, walichoka kwa nini?"

Sijui maneno niliyatoa wapi. Nikasema walichoka kukimbia, kubeba, kuzika. Kila siku tumbo, tumbo. Mpaka siku moja mmoja wao akasema leo sitafuti chakula, leo nachora. Nikawatangulia ndani, nikamulika alama nyekundu ya kiganja cha mtoto iliyo juu kabisa ya ukuta wa pango. Mtoto yule asingefika kule mwenyewe, nikasema. Kuna mtu alichoka kutwa nzima, na bado akamnyanyua. Mgeni rasmi akavua miwani, akafuta macho. Profesa akaninong'oneza akiuliza kama nadharia hii imeshachapishwa.

Kisha mgeni rasmi akauliza nani katunga swali zuri namna hii. Sijameza mate, Mkurugenzi kajibu: "Ni mimi, mheshimiwa."

Sasa kaniletea karatasi mbili. Moja ni mkataba wa kudumu. Wa kudumu! Nyingine inasema kwamba swali na maelezo yote ya leo ni ya Mkurugenzi, mimi nilikariri tu. Nisaini hiyo kwanza, ndipo nipate mkataba. Mgeni rasmi anaitaka kabla hajaondoka, ataipeleka magazetini.

Nataka kazi. Mungu anajua ninavyoitaka. Na yale maneno nayataka pia — tangu nizaliwe sijawahi kusema kitu kikamliza mtu mzima.

Mkurugenzi anagonga. "Dada, gari la mheshimiwa limeshawashwa!" Nimemwambia nakuja. Sijainuka.